"Slim": Neno la Kiingereza lililogeuka jina la maradhi Uganda

"Slim" ni neno la Kiingereza linalotumika kama kivumishi na kama kitenzi. Likiwa kivumishi lina maana ya wembamba. Likiwa kitenzi ni kupunguza unene kwa hiari, kwa kujinyima chakula au kufanya mazoezi. Waingereza walilipata kwa Waholanzi katika karne ya 17. Katika Kiholanzi maana yake ya zamani ilikuwa kombo au ubaya, kisha ikaingia ya ujanja, na ndiyo iliyobaki kwa Makaburu wa Afrika Kusini waliompa mwanasiasa Jan Smuts lakabu ya "Slim Jannie", yaani Jannie mjanja. Kitenzi cha kujipunguza mwili kilienea katika karne ya 20.

Nchini Uganda neno hilo lilipata maana nzito zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika vijiji vya Rakai kama Kasensero, kando ya Ziwa Viktoria, watu walianza kufa kwa maradhi yasiyojulikana. Mgonjwa aliharisha kwa miezi, homa ikimjia na kumwacha, akakonda hadi mbavu zikahesabika. Wanakijiji wakayaita maradhi hayo "slim", na ndimi za Waganda zikaliongezea irabu likawa "siliimu". Ng'ambo ya mpaka, mkoani Kagera, Watanzania waliyaita "Juliana", jina la kitambaa cha fasheni kilichopitishwa kwa magendo.

Jina la "slim" la vijijini liliingia katika vitabu vya tiba kupitia Mulago. Hospitali hiyo ya Kampala ilianza mwaka 1913 kama kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa, kisha ikawa hospitali ya kufundishia madaktari wa Chuo Kikuu cha Makerere. Oktoba 1985, madaktari wa hapo David Serwadda, Roy Mugerwa, Nelson Sewankambo na wenzao walichapisha katika jarida la Lancet makala iliyoutaja ugonjwa huo kwa jina lile lile la wanakijiji. Kati ya wagonjwa 71 waliopimwa, 63 walikutwa na dalili za maambukizi ya virusi ambavyo leo vinaitwa VVU, na wanawake waliugua karibu sawa na wanaume. Ilidhihirika kuwa "slim" ni UKIMWI.

Kwa kuwa jina lilitokana na kile kinachoonekana kwa macho, lilizaa unyanyapaa. Aliyekonda kwa malaria au kwa dhiki alinyooshewa kidole, na mwenye virusi aliyenawiri hakushukiwa. Noerine Kaleeba, aliyeongoza chuo cha fiziotherapia Mulago, alimpoteza mumewe Januari 1987, na mwaka huo huo yeye na wenzake wakaanzisha shirika la TASO kuwahudumia wagonjwa na familia zao. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alitangaza hadharani kwamba ameambukizwa, akazunguka shuleni na makanisani kuwaonya vijana hadi alipofariki Desemba mwaka huo.

Waandishi nao waliufuata ugonjwa huo. Kaleeba alisimulia msiba wake katika kitabu *We Miss You All*. Mary Karooro Okurut aliandika *The Invisible Weevil*, riwaya iliyotoka mwaka 1998, akaufananisha ugonjwa na fukusi anayekula nafaka kutoka ndani bila kuonekana. Taswira hiyo iko karibu na Kiganda cha kila siku, ambacho huviita virusi "akawuka", yaani kidudu. Katika riwaya ya *Kintu* ya Jennifer Makumbi, ya mwaka 2014, kinachomtesa mhusika Isaac ni hofu ya majibu ya kipimo, wala hajakonda. Hivyo fasihi ilihama kutoka mwili unaoonekana kwenda kwenye jambo lililofichika.

Tiba nayo ililenga kilichofichika, yaani virusi. Mwaka 1999 utafiti uliofanywa Mulago ulionyesha kuwa dawa ya nevirapine, akipewa mama wakati wa uchungu na mtoto baada ya kuzaliwa, hupunguza karibu kwa nusu maambukizi kwa mtoto. Mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure kwa wingi, na watu waliokuwa hoi wakarudia afya yao. "Siliimu" bado ni jina la UKIMWI katika Kiganda, lakini wembamba si ushahidi tena: anayetaka kujua hali yake na apime.