Majengo, mji wa kina bibi

Ukimtajia mtu wa Nairobi jina la Majengo, atakutajia chang'aa, wezi na wanawake wanaokaa mlangoni. Mimi nililelewa huko Pumwani na sitakana. Ila kabla ya hayo kulikuwa na swali ambalo serikali ya mkoloni haikutaka kulijibu: mfanyakazi Mwafrika ataishi wapi na mke na watoto wake?

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Tangu hapo mpango ulikuwa mwanamume aje, afanye kazi, arudi kwao. Ukiingia landhi za reli kule Muthurwa utauona mpango huo ukutani: vyumba vya kulaza vibarua, basi. Waliotaka kuishi kama watu walijijengea vijiji vyao, Pangani, Mombasa, Maskini na Kaburini. Pangani ndiyo iliyosifika; mpinga ukoloni Harry Thuku alipokuwa akipanga siasa zake mwaka 1921, huko ndiko alikokutana na wenzake.

Manispaa haikuvipenda vijiji hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikapima viwanja Pumwani, mashariki mwa Mto Nairobi, ikajenga vyoo vya umma, ikawaambia watu wahamie. Nyumba wajijengee. Vijiji vikavunjwa kimoja kimoja; Pangani ilishikilia hadi mwishoni mwa miaka ya 1930, na waliong'olewa humo wakapelekwa Shauri Moyo, kwenye nyumba za manispaa. Fikiria: jana una nyumba yako, leo mwenye nyumba wako ni kanjo.

Majengo, ndani ya hiyo Pumwani, yalijengwa kwa fito na udongo, kwa mtindo wa pwani: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani jiko la wote. Mabati yalikuwa ghali, kwa hiyo paa nyingi zilikuwa za madebe ya mafuta yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Mvua ikinyesha hamsikilizani.

Sasa nisikilize hapa. Wenye nyumba wengi walikuwa wanawake. Wengine waliuza pombe, wengine walikuwa malaya, na malaya wa siku zile alimpa mgeni wake maji ya kuoga na chai ya asubuhi, maana yeye alikuwa na chumba, jambo ambalo kibarua wa landhi hakuwa nalo. Senti zikikusanyika, mama anajenga. Wengi walisilimu, wakachukua majina mapya na ndugu wapya, maana kule bara mwanamke hakurithi shamba, na aliyetoroka nyumbani hakuwa na pa kurudi. Asiyezaa alilea msichana na kumwachia nyumba. Bibi yangu hakumzaa mama yangu. Alimlea, na siku ya kugawa mali hakuna shemeji aliyetoka kijijini kuja kudai. Wazee wa mtaa walijua neno la marehemu, na likasimama.

Wanahistoria hupenda kusimulia jirani zetu. Kariokor ilipata jina kutoka kwa Carrier Corps, wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza waliokufa kwa maelfu, zaidi kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi. Ukumbi wa Kaloleni ndiko kiongozi wa wafanyakazi Makhan Singh alikodai uhuru wa Afrika Mashariki mwezi Aprili 1950. Haya ni kweli na yana heshima yake. Lakini wale kina bibi walikuwa wameshaishi Nairobi kama wenyeji kwa miaka thelathini, katika mji ambao sheria iliwaona wapita njia.

Ardhi, hata hivyo, hawakupewa. Nyumba ilikuwa yako, kiwanja cha manispaa. Ndiyo sababu hakuna aliyethubutu kujenga kwa mawe: nani atajenga ukuta wa mawe juu ya ardhi anayoweza kuambiwa kesho aihame? Anayepita leo akiuona udongo ule husema watu wa Majengo hawakupenda maendeleo. Mimi humwambia akaulize kwanza hati ya kiwanja ilikuwa kwa nani.