Rundo la wadudu, na miaka mitatu ya kusubiri Sarge

Kile kijiprogramu changu huria kimerundika ripoti za hitilafu zaidi ya mia moja, na juzi usiku nilikaribia kuzifunga zote zilizopita mwaka mmoja bila kuzisoma. Kidole kilikuwa tayari kwenye kipanya nilipowakumbuka Debian.

Mfumo wao wa kufuatilia hitilafu uliandikwa na Ian Jackson mwaka 1994, na hadi leo unaendeshwa kwa barua pepe. Unatuma ripoti, inapewa nambari. Anayeirekebisha anaandikia nambari hiyo hiyo kuifunga. Mwaka 1997 wakaahidi katika Mkataba wao wa Kijamii kwamba hawataficha matatizo: ripoti zote zitasomwa na yeyote. Aibu ya nyumba nje barazani!

Sasa mlango ukiwa wazi hivyo, rundo litakosaje kukua? Hawakujaribu kulimaliza. Walipanga ripoti kwa uzito, na madaraja matatu ya juu tu ndiyo yanayozuia toleo kutoka. Maombi na kasoro ndogo ndogo zinaweza kukaa miaka, na hakuna anayezifuta kwa kuwa zimezeeka.

Gharama yake ilionekana. Woody ilitoka tarehe 19 Julai 2002. Sarge ikaja tarehe 6 Juni 2005. Ni kweli kisakinishi kipya nacho kilichelewesha mambo, lakini zile hitilafu nzito zilikuwa zikifungwa huku nyingine zinaingia. Ubuntu ilipotoka Oktoba 2004, na CD za bure kwa posta, wengi tulihama. Mimi mmoja wao, sikatai.

Kilichowaokoa, kwa maoni yangu, ni zile karamu za kuponda wadudu. Wikendi nzima watu hukutana, kwenye IRC au ana kwa ana, wakishughulikia hitilafu nzito. Ni harambee, ila mchango ni msimbo. Na mwenye kifurushi akikaa kimya, msanidi mwenzake anaruhusiwa kupakia rekebisho kwa niaba yake.

Basi nikaacha kufunga, nikaanza kupanga. Ripoti ya tisa niliyoifungua ilisema programu yangu inafuta data ya mtumiaji jina la faili likiwa na nafasi. Ilitumwa miezi kumi na minne iliyopita, faili ya mfano imeambatishwa. Nimemjibu leo asubuhi.