Kuzimika, Kuganda na Kufa: Historia Fupi ya Maneno ya Ufundi wa Kompyuta Unguja

1. Utangulizi

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, na hata kabla yake, tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, kazi ya istilahi imetazamwa aghalabu kuwa ni kazi ya kuvipa vitu majina. Kitu kipya huingia nchini, nasi huuliza: kiitweje? Hapana shaka kazi hiyo ni ya lazima. Katika makala haya, hata hivyo, tunakusudia kuonyesha kwamba jina la kitu ni nusu tu ya istilahi. Nusu ya pili ni jina la hali, yaani la kilichokipata kitu hicho. Lugha yenye majina ya viungo vyote vya mwili, lakini isiyo na majina ya maradhi, haimsaidii mgonjwa wala mganga.

Mfano wetu ni kompyuta ya nyumbani inayokatika kazi mara kwa mara kwa sababu kifaa kimojawapo ndani yake kimechakaa. Mahali petu pa kuutazamia mfano huo ni Jang'ombe, mtaa wa Ng'ambo katika mji wa Unguja.

2. Jina lilitangulia mashine

Serikali ya Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha mjini Dar es Salaam. Mwaka 1974 ikatoka amri ya kuzuia kompyuta na televisheni zisiingizwe nchini bila ya kibali. Amri hiyo ililegezwa pole pole, na katika miaka ya 1990 ikaondoka kabisa. Matokeo yake kwa lugha ni haya: kwa muda wa miaka kama ishirini wataalamu walizungumza juu ya mashine ambayo wananchi wengi hawakuwa wameiona. Majina ngamizi, tarakilishi na kompyuta yalishindana katika vitabu na mikutano, hali mezani pa watu hapana kitu.

Mashine zilipofika majumbani, neno kompyuta ndilo lililoshika zaidi upande wa Tanzania. Kisha ikaja kazi kubwa ya kuziswahilisha programu zenyewe. Mwezi wa Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu wa Sweden, kilitoa programu za ofisi zilizoitwa Jambo OpenOffice. Kazi hiyo ilimpa mwandishi na karani maneno ya faili, hariri, hifadhi na chapisha. Lakini maneno hayo yote ni ya mtu aliyekaa mbele ya kiwambo. Yule aliyeshika bisibisi na kulifungua sanduku hakuandikiwa orodha yake, naye akalazimika kujitafutia mwenyewe.

3. Maneno yaliyokuwapo Ng'ambo

Fundi huyo hakuanza mikono mitupu. Ng'ambo ni mji uliozoea mashine za majumbani tangu zamani. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo, na santuri zao zikaenea pwani yote. Kwa santuri watu walizoea kusema sahani, yaani lile bamba linalozunguka, na sindano, yaani ile ncha inayosoma sauti. Mwaka 1951 Sauti ya Unguja ikaanza kutangaza, redio zikaongezeka, na pamoja nazo mafundi redio na maneno yao: waya, fyuzi, transista, kapasita. Kabla ya hapo wafua fedha na shaba walikuwa na neno lehemu, lenye asili ya Kiarabu, kwa madini yanayoyeyushwa kuunganisha vipande. Panka, neno la Kihindi, lilikwisha kuwa la kwetu.

Kompyuta ilipofikishwa kwa fundi wa aina hiyo, maneno yalikuwa yakiisubiri. Kipoozeo kinachozunguka juu ya prosesa ni panka. Kifaa kilichong'oka juu ya ubao wa saketi kinahitaji lehemu. Na diski kuu, ambayo ndani yake mna mabamba yanayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, ni ndugu wa sahani ya santuri.

Yafaa hapa tutahadhari kidogo. Neno la zamani hubeba maana yake ya zamani. Sindano ya santuri huigusa sahani, na ndipo hutoka sauti. Kichwa cha diski kuu hakigusi: huelea juu ya bamba kwa nafasi ndogo mno, na kikigusa ndiyo maradhi yenyewe. Kwa hiyo tunaona afadhali kusema sahani kwa bamba, lakini kichwa, wala si sindano, kwa kile kinachosoma. Mwanafunzi atakayefundishwa kwamba ni sindano hataelewa kwa nini mgoto anaousikia ndani ya diski ni dalili ya hatari.

4. Swali la mzee

Hayo ni majina ya vitu. Ama majina ya hali, tutatoa mfano uliotupata wenyewe.

Wasomaji watakumbuka kwamba tangu mwaka 1980 Unguja imekuwa ikipata umeme kutoka Bara kwa waya upitao chini ya bahari. Waya huo uliharibika mwezi wa Mei 2008, kisiwa kikakaa gizani kiasi cha mwezi mmoja. Ukaharibika tena Desemba 2009, na umeme haukurudi hadi Machi 2010. Katika miezi ile mitatu aliyeweza alitumia jenereta, na jenereta nyingi ndogo hutoa umeme unaopanda na kushuka. Vyombo vingi vya majumbani viliumia wakati huo, japokuwa baadhi havikuonyesha dalili ila baadaye.

Kompyuta yetu ya nyumbani, hapo Jang'ombe, ilikuwa miongoni mwavyo. Umeme uliporudi ikaanza kukatika kazi kila alasiri. Tuliipeleka kwa fundi kijana tukamwambia, "Inakufa kufa." Akaifuta na kuiwekea programu upya. Baada ya siku tatu ikarudia. Tukasema tena, "Bado inakufa." Akabadilisha kumbukumbu, tukalipa, ikarudia. Mara ya tatu alitushauri tununue diski mpya, nasi tulikuwa karibu kukubali, ijapokuwa fedha hizo zilikuwa za ada ya mtoto.

Jirani yetu mmoja, mzee aliyekuwa fundi redio zamani zake, alitukuta barazani tukilalamika. Akauliza neno moja tu: "Maalim, mashine yako inazimika au inaganda?"

Tulistaajabu kwamba hatukuwa na jibu tayari. Tulikuwa tumeitazama wiki nyingi, lakini kwa kuwa neno letu lilikuwa moja, hata jicho letu liliona jambo moja. Tulipoirejea mashine na kuitazama kwa swali lile, tukaona kwamba haigandi kamwe. Picha haibaki kiwamboni, bali giza huingia ghafla na panka husimama papo hapo. "Basi inazimika," akasema mzee. "Usishike diski. Fungua kisanduku cha umeme."

Ndani yake kapasita mbili zilikuwa zimevimba vichwa kama andazi, na moja imetoa utomvu. Panka la kisanduku hicho nalo lilikuwa zito kwa vumbi na chumvi, likizunguka kwa kusita. Kisanduku kikabadilishwa kizima kwa bei ndogo kuliko ya diski, na mashine ikafanya kazi miaka mingi baadaye. Fundi kijana hakuwa mwongo wala mvivu. Tulimpa neno lisilobagua, naye akatibu asichokijua.

5. Hali nne na majina yake

Tangu siku hiyo tumekuwa tukisikiliza maneno ya mafundi, nasi tunaona kwamba hali nne zinastahili kutengwa.

(a) Kuzimika. Mashine hukata ghafla bila ya kuamriwa. Hapa hutazamwa kwanza kisanduku cha umeme, ambacho hupokea volti 230 za ukutani na kutoa volti 12, 5 na 3.3. Volti 12 zikishuka chini ya 11.4, zimetoka nje ya kipimo. Hutazamwa pia joto: prosesa nyingi hujizima zenyewe zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, ili zisiungue.

(b) Kuganda. Umeme upo, panka huzunguka, picha ipo, lakini hakuna kinachoitika. Hapa hushukiwa kumbukumbu, diski, au programu yenyewe. Katika hewa yetu ya chumvi, miguu ya kumbukumbu hupata kutu. Mara nyingine kuisugua kwa raba ya penseli hutosha, wala hakuna haja ya kununua mpya.

(c) Kujiwasha upya. Mashine hukata na kuanza tena yenyewe, kama mtu aliyeshtuka usingizini. Kapasita zilizochoka, ama katika kisanduku cha umeme ama katika ubao mkuu, ni miongoni mwa visababishi vikuu. Katika miaka ya mwanzo ya 2000 dunia nzima iliingiliwa na kapasita mbovu zilizovimba kabla ya wakati wake, na mashine nyingi za mkono wa pili zilizotengenezwa miaka hiyo zilizaliwa na kasoro hiyo.

(d) Kusahau. Mashine huwaka na saa yake imerudi miaka mingi nyuma. Si maradhi makubwa: kibetri cha volti 3 juu ya ubao mkuu kimekwisha nguvu.

Kufa kubakie kwa mashine isiyowaka kabisa. Wala hatupendekezi kusema kompyuta imeanguka, ijapokuwa Waingereza husema kitu cha namna hiyo. Mswahili aambiwaye mashine imeanguka atatazama sakafuni.

6. Wengine walifanyaje

Huenda msomaji akaona maneno haya ni ya mitaani, hayafai kuingia katika orodha sanifu. Na tutazame wenzetu. Mwezi wa Septemba 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard, mafundi wa kompyuta iitwayo Mark II walimkuta nondo amebanwa ndani ya mashine. Walimbandika katika daftari ya kazi, wakaandika kwa mzaha kwamba huyu ndiye mdudu wa kwanza kuonekana kwa macho. Mzaha huo uliwezekana kwa kuwa mafundi wa Marekani walikwisha kuiita hitilafu mdudu tangu karne ya 19, zamani za Edison. Neno la karakana ndilo lililopanda hadi vyuo vikuu, na leo limo katika kila kamusi ya taaluma hiyo.

7. Tamati

Tumeona kwamba majina ya kompyuta yalijadiliwa kabla mashine hazijafika, na kwamba majina ya hali zake yalizaliwa baada ya mashine kuharibika, mbele ya fundi na mwenye chombo. Hayo ya pili hayajakusanywa ipasavyo. Tunapendekeza kwamba kila orodha ya istilahi za vifaa ifuatane na orodha ya hitilafu zake, na kwamba wakusanyaji waende kwa mafundi wa Jang'ombe na mitaa mingine wakiwa na daftari, wasikilize kabla ya kubuni. Mwenye kompyuta moja, na ada ya mtoto ya kulipa, hawezi kubadilisha kila kifaa kwa kubahatisha. Neno lililo sawa humwonyesha pa kuanzia.