Mlango wa Kuingilia Discworld
Terry Pratchett, Mwingereza, alitoa kitabu cha kwanza cha Discworld mwaka 1983; cha 41, ndicho cha mwisho, kilitoka 2015, miezi michache baada ya kufa kwake. Ni masimulizi ya dunia bapa iliyobebwa na ndovu wanne waliosimama juu ya kasa. Wengi humpa kijana kitabu cha kwanza, eti kwa kuwa kilitangulia. Hilo ni kosa. Kitabu kile chazifanyia mzaha riwaya za mashujaa na wachawi zilizokitangulia. Asiyezisoma hajui kinachochekwa, naye hukifunga asivifungue vingine arobaini. Afadhali Mort, cha 1987, kisa cha mvulana aliyechukuliwa na Mauti awe mwanagenzi wake. Kufikia hapo mwandishi alikuwa akiwacheka wanadamu wenyewe, na kijana awafahamu hao.