Vipuri vya Ndege Vyenye Mabaki ya Mafuta: Uainishaji na Ufungashaji

Vipuri vya ndege vyenye mabaki ya mafuta ni vifaa vilivyofunguliwa kutoka kwenye mfumo wa mafuta wa ndege au wa injini yake, ambavyo hubaki na kiasi fulani cha mafuta ndani hata baada ya kumwagwa. Miongoni mwavyo ni pampu za mafuta, vidhibiti mafuta vya injini, nozeli, filta, valvu na vipozeo ambamo mafuta hupita karibu na oili ya moto. Vinaposafirishwa kwa ndege huhesabiwa kuwa mizigo hatarishi. Kanuni zake zimo katika Kiambatisho cha 18 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 na katika Maelekezo ya Kiufundi ya ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga lenye makao Montreal. Mashirika ya ndege na mawakala wa mizigo kwa kawaida hufuata kitabu cha kanuni cha IATA, chama cha mashirika ya ndege, ambacho hutolewa upya kila mwaka na kimejengwa juu ya maelekezo hayo. Nchini Tanzania msimamizi ni mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA, na nchini Kenya ni KCAA.

Kifaa kilekile hubadilika hadhi kinapotoka kwenye ndege. Pampu ikiwa imefungwa kwenye injini, mafuta yaliyomo ni sehemu ya ndege inayofanya kazi. Ikishafunguliwa na kutiwa kwenye boksi ni shehena, hata kama mwenye boksi ni shirika lenyewe na ndege inayolibeba ni yake. Hapa ndipo makosa mengi huanzia. Watu wa stoo wamezoea kuhamisha vipuri vyao kutoka kituo kimoja hadi kingine kama mali ya nyumbani, ilhali kanuni haziwapi msamaha wowote kwa kuwa mali ni yao.

Hatari yenyewe inatokana na mvuke. Mafuta ya injini za jeti, Jet A-1, ni ndugu wa karibu wa mafuta ya taa, na kiwango chake cha chini cha kushika moto ni nyuzi 38 za Selsiasi, yaani joto ambalo mvuke wake huanza kutosha kuwaka ukipata cheche. Petroli ya ndege za pistoni hushika moto hata katika baridi kali chini ya sifuri. Kimiminika kinachoshika moto kwa nyuzi zisizozidi 60 huwekwa katika daraja la 3, vimiminika vinavyowaka, kwa hiyo mafuta yote mawili yamo. Wingi wa mafuta si kipimo cha usalama, kwani mabaki machache ndani ya uwazi wenye hewa yanaweza kutengeneza mchanganyiko ulio tayari kulipuka. Tarehe 17 Julai 1996, Boeing 747 ya shirika la TWA ililipuka angani muda mfupi baada ya kuondoka New York kuelekea Paris, na watu wote 230 waliokuwamo walifariki. Wachunguzi wa Marekani walihitimisha kwamba mlipuko ulianzia kwenye tangi la katikati, ambalo lilikuwa na takriban lita 190 tu za mafuta, ingawa lina nafasi ya makumi ya maelfu ya lita. Tangi lile lilikuwa mahali pake kwenye ndege na halikuwa shehena, lakini fizikia ya mvuke ni ileile ndani ya boksi.

Uainishaji huanza kwa kuuliza ni nini hasa kinachosafirishwa. Mafuta yenyewe, kwa mfano sampuli kwenye chupa, hubeba namba ya utambulisho ya Umoja wa Mataifa, UN 1863, ya daraja la 3. Injini nzima inayotumia kimiminika kinachowaka ni UN 3528, nayo ni ya daraja la 3. Kabla ya 2017 injini ziliwekwa pamoja na magari chini ya UN 3166, na nyaraka za zamani bado zinaonyesha hivyo. Kifaa kimoja cha mfumo wa mafuta, kilichomwagwa na kubaki na masalia, huingia UN 3363, namba ya bidhaa hatarishi zilizomo ndani ya mitambo, zana au vifaa vingine, na hiyo ni ya daraja la 9, la hatari za aina nyinginezo. Ufungashaji wake unaelezwa na Maelekezo ya Ufungashaji 962 ya IATA, ambayo yanaweka kikomo cha nusu lita ya kimiminika kwa kila kifurushi. Yakizidi hapo, njia hiyo imefungwa.

Mtu anaweza pia kukiondoa kifaa kwenye kundi la mizigo hatarishi kabisa, kwa kukisafisha na kukikausha mpaka pasiwe na kimiminika wala mvuke. Kwa injini upo utaratibu maalumu wa jambo hilo, na wakala huandika kwenye hati ya mzigo kwamba masharti yametimizwa. Ni njia halali, ila inahitaji kazi ya kweli, na aliyemwaga mafuta bila kusafisha hana haki ya kuitumia.

Ugumu wa kumwaga hauonekani mpaka kifaa kiwe mikononi. Mfano mzuri ni kidhibiti mafuta cha injini ya PT6A, inayoendesha Cessna 208 Caravan, ndege inayojulikana sana kwenye viwanja vidogo vya mbugani Tanzania na Kenya. Fundi hukishika juu ya sinia la kukingia, akakigeuza upande mmoja baada ya mwingine huku akichezesha mkono wa kidhibiti mbele na nyuma ili valvu za ndani ziachie yaliyonaswa. Mafuta hutoka kwanza kwa mchirizi, halafu kwa matone, halafu hukoma. Kikiachwa kikalala kisha kikainamishwa tena, hutoka mengine, kwa sababu vijia vya ndani ni vyembamba na vina kona nyingi. Fundi mwenye haraka huishia pale matone yanapokoma mara ya kwanza.

Baada ya hapo kila tundu huzibwa kwa kizibo chake cha kukaza. Utepe wa gundi haufai, kwani mafuta huilegeza gundi. Kitambaa kilichosokomezwa kwenye tundu ni kibaya zaidi, maana hugeuka utambi. Kifaa huzungushiwa vitu vya kufyonza vinavyotosha kunywa kiasi chote ambacho huenda kimebaki, na pale boksi la nje lisipoweza kuzuia kimiminika, mfuko wa plastiki usiovuja au kitu chenye uwezo huohuo hutiwa ndani yake. Boksi la nje lazima liwe imara, lakini si lazima liwe lile lililofanyiwa majaribio na kupigwa muhuri wa Umoja wa Mataifa.

Vizibo hukazwa kwa uangalifu kwa sababu ya kimo. Sehemu ya mizigo ya ndege za abiria huweza kufikia shinikizo la hewa la kimo cha futi 8,000, ambalo ni karibu robo tatu ya lile la usawa wa bahari. Hewa iliyofungiwa ndani ya kifaa pale Dar es Salaam husukuma kuelekea nje ndege inapopanda, na mbele yake husukuma mafuta. Kizibo kilicholegea kinachoonekana kikavu ghalani kinaweza kuvuja angani.

Nje ya boksi huandikwa jina rasmi la mzigo, namba UN 3363, na majina na anwani za mtumaji na mpokeaji. Lebo ya daraja la 9 ni mraba uliosimama kwa kona, wenye mistari saba myeusi ya wima nusu ya juu na tarakimu 9 iliyopigiwa mstari chini. Mishale ya upande wa juu huongezwa pale mkao wa kifaa unapohusu usalama. Mtumaji husaini tamko la mizigo hatarishi, karatasi inayotambulika kwa michirizi myekundu pembezoni, na anayeisaini awe amepata mafunzo yanayorudiwa ndani ya kila miezi 24.

Uzito wa karatasi hiyo ulionekana tarehe 11 Mei 1996. Karakana moja ya Miami ilikuwa imefungua vifaa vya kemikali vya kuzalisha oksijeni kutoka kwenye ndege za ValuJet, vikatiwa kwenye maboksi matano bila vifuniko vya usalama vya viwashio vyake. Hati ilisema ni makopo matupu ya oksijeni. Maboksi yalipakiwa kwenye DC-9 ya shirika hilohilo iliyokuwa ikienda Atlanta, moto ukazuka kwenye sehemu ya mizigo, na ndege ikaanguka katika kinamasi cha Everglades. Watu wote 110 walikufa. Mnamo 1998 mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza vitambua moshi na vizima moto viwekwe kwenye sehemu za mizigo za aina ile. Vifaa vile havikuwa vya mafuta, lakini vilikuwa vipuri vya shirika lenyewe, na vilikuwa vimetangazwa kuwa vitupu.

Safari ya kurudi husahaulika kuliko ya kwenda. Kidhibiti kilichotengenezwa upya hupimwa kwenye benchi kwa kimiminika maalumu cha kupimia, ambacho nacho ni cha jamii ya petroliamu na hushika moto kwa joto linalokaribiana na la Jet A-1. Kwa hiyo kifaa kinachotoka karakana kikiwa safi, chenye cheti na rangi mpya, kinaweza kuwa UN 3363 sawasawa na kilivyokuwa kilipopelekwa. Hali hiyo huondoka pale tu karakana inapokikausha, au inapokijaza oili ya kuhifadhia isiyoshika moto kirahisi, na kulithibitisha hilo kwa maandishi.