Nyuki wa porini na herufi milioni 393: DNA inaungwaje?

Mimi shule niliishia kidato cha nne, lakini hili la kusoma DNA ya mdudu lilinikosesha usingizi. Nilidhani unamweka nyuki kwenye mashine, herufi zinatoka zimejipanga kama kitabu. Wapi!

Mashine inasoma vipande vipande, halafu kompyuta inaviunga. Chukua maneno ya wimbo, toa kopi nyingi, zichane zote, kisha unga upya kwa kutazama wapi maneno yanaingiliana. Beti zitaungika. Kasheshe ni kiitikio: kinajirudia, na kipande chenye kiitikio peke yake hujui kinakaa wapi. DNA nayo imejaa viitikio.

Sasa mcheki Bombus terrestris, nyuki mnene mwenye manyoya wa Ulaya. Anaishi porini, ingawa pia anafugwa ili achavushe nyanya kwenye vitalu nyumba. Jenomu yake, yaani DNA yake yote, ilitangazwa mwaka 2015: herufi kama milioni 249. Mwaka 2023 ikatoka nyingine Uingereza: milioni 393, kromosomu 18. Jamani, nyuki hakunenepa! Mashine mpya zinasoma maelfu ya herufi kwa mpigo, hivyo kiitikio kinakuja pamoja na beti zake.

Hiyo ya 2023 ilitoka kwa dume mmoja. Kwa nini dume? Nyuki dume hutokana na yai lisilorutubishwa, hana baba, kwa hiyo ana seti moja tu ya kromosomu. Jike ana mbili, ni kama umechana wimbo pamoja na rimiksi yake.

Utasema, so what? Nyuki wa asali alisomwa mwaka 2006, zikahesabiwa jeni kama 10,000. Mwaka 2014, baada ya kuungwa upya na kutafuta kwa data zaidi, zikaonekana nyingine kama 5,000. Zilikuwepo siku zote, ila hazikuonekana.

Wanaochunguza kwa nini nyuki wanakufa kwa magonjwa au dawa za mashambani hutazama ana jeni gani za kujikinga. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba nyuki fulani "hana jeni hii", usikubali haraka. Uliza kwanza: ramani hiyo iliungwa lini, na kwa vipande vya urefu gani?

Haya wadau, maoni hapo chini. Anayejua zaidi anikosoe, sitanuna.