Kaloli wa Makerere

Historia ya Chuo Kikuu cha Makerere tumezoea kusimuliwa kwa majina ya watu. Utaambiwa kilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, wakifundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Utaambiwa Julius Nyerere alisomea ualimu pale kuanzia 1943 hadi 1945. Utaambiwa pia kuwa Juni 1962 waandishi wa Afrika wanaotumia Kiingereza walikutana kwenye kilima hicho, Ngũgĩ akiwa bado mwanafunzi. Yote ni kweli. Lakini ukifika pale leo, wa kwanza kukuona siyo hao wakubwa. Ni ndege, na yuko juu ya mti, na afadhali usisimame chini yake.

Waganda wanamwita kaloli. Kwa Kiswahili ni korongo mfuko-shingo, jina linaloeleza ule mfuko wa nyama unaoning'inia kifuani mwake. Akisimama anaweza kufikia mita moja na nusu, yaani anamtazama mtoto wa shule ya msingi usoni bila kuinama. Kichwa ni kipara, mdomo ni kama panga. Miguu inaonekana myeupe, lakini weupe ule siyo rangi yake: hujinyea miguuni ili kupunguza joto. Wazungu wanamwita marabou, jina linalotokana na neno la Kiarabu murabit, mcha Mungu wa kwenye ribati, pengine kwa sababu ya mwendo wake wa taratibu kama mzee anayetoka kuswali. Hao hao Wazungu wakamnyonyoa manyoya laini ya chini ya mkia na kuwafanyia wake zao mapambo ya shingoni. Ndege huyu amedharauliwa kwa sura na kupendwa kwa manyoya.

Sasa, alifikaje chuoni?

Jiji lenyewe lina jina la mnyama. Kampala limetokana na kilima cha empala, yaani swala pala, ambao kabaka wa Buganda alikuwa akiwawinda maeneo hayo. Kapteni Lugard alijenga ngome yake kwenye kilima hicho Desemba 1890, mji ukaota kuizunguka, na swala wakatoweka. Hakuna aliyetangaza siku ya kuondoka kwao. Wamebaki katika jina tu.

Kaloli ana njia tofauti kabisa. Swala hukimbia watu, kaloli huwafuata. Porini anakula mizoga pamoja na tai, anakula vyura, samaki, nzige, panya, chochote kile. Kwa ndege wa namna hiyo, machinjio na jalala la soko ni kama mzoga usiokwisha. Kuna kaloli waliokuwa wanataga Kampala tangu miaka ya 1960, lakini kuongezeka kwao kunakwenda sambamba na kuharibika kwa jiji. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Biashara zikagawanywa kama peremende, bidhaa zikaadimika, huduma za jiji zikadorora na taka zikalala barabarani. Chuoni nako hali ikawa ya hofu: Frank Kalimuzo, makamu mkuu wa chuo, alichukuliwa mwaka huo huo na hakuonekana tena. Agosti 1976 askari walivamia mabweni na kuwapiga wanafunzi. Maprofesa wengi walikimbia nchi. Walipokuwa wanaondoka wao, kaloli walikuwa wanahamia.

Kwa nini wachague chuo? Kwa sababu kaloli anahitaji vitu viwili: chakula na mti mrefu. Chakula kipo Wandegeya, Nakasero, Owino, mwendo mfupi kwa ndege mwenye mabawa yanayozidi mita mbili na nusu yakikunjuliwa. Miti mirefu ndiyo inayopungua mjini kila nyumba inapojengwa, ila chuoni imebaki. Kwa hiyo soko likawa jiko, Makerere ikawa chumba cha kulala.

Derek Pomeroy, mtaalamu wa ndege wa Makerere, alianza kuandika kuhusu ndege hawa miaka ya 1970 akaendelea kuwafuatilia kwa miongo. Yeye na mwenzake Michael Kibuule walionyesha jambo la kutafakari: kaloli wa Kampala wanaanza kuzaliana kama miezi minne mapema. Kwa kawaida kaloli hupanga uzazi ili makinda yakue wakati wa kiangazi, maji yanapokauka na chakula kupatikana kirahisi. Mjini hakuna haja ya kungoja. Taka hazina masika wala kiangazi. Kampala ilikuwa na watu kama 330,000 katika sensa ya 1969. Katika sensa ya 2014 walizidi milioni 1.5. Kila mmoja wao ana ganda la ndizi la kutupa.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema dawa ni kukata miti. Malalamiko yao nayaelewa: magari yanachafuka, mashati ya mahafali yanaharibika, harufu inaingia mpaka darasani. Lakini ukikata mti umemwondoa mlalaji, jiko umeliacha linawaka. Atakwenda kulala mti wa jirani, na asubuhi atarudi sokoni kama mfanyakazi mwingine yeyote.

Na sokoni siko mwisho wa safari ya taka. Nyingi zilikuwa zikipelekwa Kiteezi, kaskazini mwa jiji, dampo lililofunguliwa mwaka 1996 na kurundikwa mpaka likawa mlima. Pale kaloli walisimama bega kwa bega na wanawake na vijana waliokuwa wanachambua plastiki na vyuma ili wapate cha kupika. Agosti 10, 2024, baada ya mvua kubwa, mlima ule uliporomoka ukafukia nyumba na watu. Waliokufa walizidi 30. Kaloli wana mabawa. Wale wengine hawakuwa nayo.

Kwa hiyo mwanafunzi wa historia anayepita chini ya miti ile akifunika kichwa kwa daftari, ana kitu cha kusoma juu yake. Swala pala walituachia jina la jiji. Kaloli wanatuonyesha jiji linavyoishi: nani anakula, nani anatupa, na nani anaokota. Wakipungua siku moja kwa sababu taka zimepata mahali pake, hiyo itakuwa habari njema ya kuandikwa. Wakipungua kwa sababu miti imeisha, tutakuwa tumefukuza shahidi tu.